Ujira wa Kibarua na Sadaka Yetu

Neno la Kamati katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee

  

Tumeombwa tuseme neno la imani kabla ya harambee kufunguliwa. Habari ya kutoa mnaijua, na mabati na madawati mliyokwisha kutoa yanaonekana. Leo tumeona tuseme habari ya kulipa.

Katika wilaya zetu, kazi nyingi ya shamba inafanywa na vibarua. Wanalima, wanapalilia maharage na mahindi, wanakata majani ya migomba, wanachuma kahawa. Wengi ni vijana wetu wenyewe, na wengine wanavuka kutoka Burundi. Mapatano ni ya mdomo: ukimaliza kipande hiki, utapata kiasi hiki. Kazi ikiisha ndipo maneno yanapoanza. Njoo kesho. Kahawa bado haijalipwa. Hapa hujapalilia vizuri. Na wapo wanaosubiri siku ya malipo ifike, kisha wanatishia kuita Uhamiaji. Kibarua anakimbia usiku, jasho lake linabaki shambani. Mambo haya tunasimuliana na kucheka. Na aliyeyafanya, Jumapili yuko kwaya, au ni mzee wa kanisa, au kiongozi wa jumuiya.

Biblia hailichukulii jambo hili kuwa dogo. Torati inaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijazama, na inamtaja waziwazi mgeni pamoja na ndugu. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Mungu. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kumlipa mfanyakazi jasho lake lisijakauka. Hapa hatuna tofauti.

Wengine watasema: huyu hana kibali, sheria haimruhusu kufanya kazi. Ni kweli sheria ipo, na raia mwema anaifuata. Basi mfuate sheria siku ya kumwajiri. Kama hana ruhusa, usimpe jembe. Lakini kumpa jembe, kumtumia wiki tatu, kisha kuikumbuka sheria asubuhi ya malipo, hapo hujaitii sheria hata kidogo. Umeitumia kuiba.

Tukumbuke sisi ni watu gani. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika darajani Rusumo kutoka Rwanda, na kwa muda wa siku moja hivi zaidi ya laki mbili walikuwa wameingia Ngara. Benaco ikageuka mji. Kuni, maji na mashamba ya wenyeji vilipata shida kubwa, na shida hiyo hatuisahau. Hata hivyo wapo wazee wetu waliowapokea watu uani bila kuulizana kabila. Watoto wa wazee hao tukimtisha mgeni ili tule ujira wake, tunatapanya urithi tuliopewa.

Tunao pia mfano wa karibu. Askofu Christopher Mwoleka aliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashiriki maisha na kazi za wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu tumeonyeshwa ili tuuige, yaani tuishi kwa kushirikiana, na wala si fumbo la kuumiza vichwa tu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya vijiji vya ujamaa. Lakini somo lake linabaki: imani inaonekana kwenye jinsi tunavyogawana kazi na matunda ya kazi.

Na mlioko Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, neno hili linawahusu. Mabinti wa Ngara na Biharamulo wako katika nyumba nyingi za mijini, wengine katika nyumba zenu. Mnawaita wadogo zenu, na udugu huo unakuwa sababu ya kutowalipa: anakula hapa, analala hapa, mshahara wa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Binti wa kazi za ndani naye ni mfanyakazi. Mama yake kule kijijini anasubiri fedha ya mbegu, na mnamjua kwa jina.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwenye vibarua awe na daftari: jina, kazi, kiasi, siku ya kulipa. Asiye na fedha za kulipa asichukue kibarua. Pili, kila mwenye deni la ujira alilipe kabla ya kuleta ahadi yake ya harambee. Tutaipokea ahadi hiyo hata ikichelewa. Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu, na wokovu ukaingia nyumbani mwake. Tatu, Kamati nayo ijifunge. Mafundi na vibarua wa bweni la wasichana tunalolichangia leo watalipwa kila Jumamosi, na orodha ya malipo itasomwa mbele ya wanachama kila mkutano. Mkikuta hatukufanya hivyo, mtuulize hadharani.

Tunajua maneno haya yanaweza kupunguza fedha za leo. Tumelizungumza hilo kwenye Kamati, na tumekubaliana kwamba bweni lichelewe mwaka mmoja kuliko watoto wetu walale chini ya bati lililonunuliwa kwa ujira wa mtoto wa mwingine. Wasichana hao watasoma, wataajiri watu nao. Namna ya kulipa watajifunza kwetu.

Sasa tunamkaribisha Mgeni Rasmi aongoze harambee. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na ya mikono mnayoiajiri.