HOTUBA YA KATIBU WA TAWI JUU YA SARATANI YA INI NA KARANGA MBOVU ZA GHALANI

(Ilisomwa kwenye mkutano wa wanachama. Imeandikwa hapa ukutani kwa ajili ya waliokuwa shamba siku ile.)



Tumeombwa tuseme juu ya saratani, maana msimu huu tumezika watu wawili waliovimba tumbo na kugeuka macho manjano, na maneno kilabuni yamekuwa mengi. Eti wamerogwa. Hatukuja hapa kuwajadili marehemu. Tumekuja kusema yale ambayo sisi tulio hai tunaweza kuyazuia.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba. Adui wa wakati ule alionekana: mbu, kinyesi, maji ya dimbwi. Huyu wa leo tunamtia wenyewe ndani ya gunia na kumfunga kamba.

Saratani haina chanzo kimoja. Tumbaku iko mbele, iwe sigara, iwe kiko, iwe ugoro. Ndugu zetu wa ugoro wasijione wamepona kwa kuwa hawatoi moshi. Pombe nayo imo, ya dukani na ya kienyeji sawasawa. Kwa akina mama, saratani inayoongoza nchini ni ile ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi. Chanjo yake hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu. Mzazi anayemficha binti siku ya chanjo anamdhulumu. Hayo yanataka mkutano wake. Leo tunakaa kwenye ini, kwa sababu habari ya ini inalihusu ghala letu.

Kuna kuvu anayeota kwenye karanga na mahindi, na hutoa sumu ambayo wataalamu wanaiita sumukuvu. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, tulikaa jioni tatu na kijitabu cha Bwana Shamba hadi tukaelewa. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja. Wakatafuta chanzo, wakakuta chakula chao kimechanganywa na mashudu ya karanga zenye kuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaja huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliokufa 20.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kila siku haumwi leo wala kesho. Ini lake linaharibika polepole, na miaka inapita mpaka saratani inatokea, naye amekwisha kusahau zile karanga. Na kupika hakuiondoi. Chemsha, kaanga, twanga utie kwenye mlenda, sumu ipo. Ukipikia pombe, nyingine inaingia kwenye pombe. Ukimlisha ng'ombe, inatoka kwenye maziwa.

Sasa jamani, tusidanganyane, tuseme la ghalani. Kila msimu tunachambua karanga. Nzuri zinakwenda kwa mnunuzi. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu zinatiwa gunia la pembeni. Na gunia la pembeni linakwenda wapi? Tunawapa akina mama wachaguaji, kama nyongeza ya ujira. Sisi wa Kamati ndio tuliopitisha hivyo, tukaona tumewasaidia, na wao wakashukuru. Wanazitwanga, wanatia kwenye uji wa watoto.

Kijitabu kinasema sumu haienei sawasawa kwenye gunia lote. Inakaa nyingi katika punje chache, na punje hizo mara nyingi ndizo hizo mbovu. Maana yake, kila tunavyochambua vizuri zaidi ndivyo tunavyoikusanya sumu ya kijiji kizima mahali pamoja. Halafu tunamkabidhi mama mwenye mtoto mgongoni. Mnunuzi wa mjini anakula karanga safi kwa kazi ya mikono yake, naye mchaguaji anakula sumu. Tulipofika hapo kwenye kusoma, tulifunga kijitabu tukakaa kimya.

Liko na jingine linaloongeza uzito. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo huleta saratani ya ini. Mtu akiwa navyo na huku anakula sumukuvu, wataalamu wamekadiria kwamba nguvu ya sumu ile kuleta saratani kwake ni mara 30 hivi kuliko kwa mtu asiye navyo. Watoto wetu wanachanjwa tangu mwaka 2002. Sisi wakubwa tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuchanjwa, kwa hiyo anayeweza aende hospitali akapime, na tuache kuazimana wembe.

Mjumbe mmoja aliuliza kwenye Kamati, kwa nini mbovu zisikamuliwe mafuta? Mafuta ya kukamua hapa kijijini hayasafishwi kiwandani, sumu kiasi hubaki humo, na iliyo nyingi inabaki kwenye mashudu. Mwingine akasema tuwape kuku. Kuku ndio wale wale bata mzinga. Zizikwe.

Lakini kuzika ni kazi ya mwisho, ya kwanza iko shambani. Karanga zivunwe kwa wakati, zianikwe juu ya turubai au kichanja, sio chini kwenye udongo. Na ile desturi yetu ya kuzinyunyizia maji maganda yalainike ili kubangua kuwe rahisi, tuiache kabisa, maana hapo tunamkaribisha kuvu kwa mikono miwili. Mashine ya kubangulia ya mkono iko ghalani, imekaa inaota kutu kwa sababu kila mtu anaona foleni ni ndefu. Watu wamelima karanga Kongwa tangu kabla ya Waingereza kuja na matrekta yao mwaka 1947 na kushindwa. Hatuwezi kushindwa na foleni.

Kwa mahindi, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, funika, tikisa vizuri, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Isiponata, usikimbilie kufunga gunia, anika tena siku moja au mbili, kwa maana kipimo hiki hakioni unyevu mdogo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tujue pia kwamba punje inayoonekana nzuri yaweza kuwa na sumu. Kuchambua kunapunguza sana, hakumalizi. Ndiyo maana ukaushaji haukwepeki, na ndiyo maana watoto wasilishwe mahindi na karanga peke yake kila siku; mtama, uwele na maharage viwepo nyumbani.

Sasa pendekezo. Gunia la pembeni lisitoke tena ghalani. Lakini akina mama hawawezi kunyang'anywa nyongeza yao wakabaki mikono mitupu, huo utakuwa uonevu juu ya uonevu. Tunapendekeza waongezewe fedha kwa kila gunia wanalochambua, na fedha hizo zitoke kwenye gawio letu sote. Gawio litapungua, hatufichi. Wako wanachama ambao wamekwisha kutufuata nyumbani usiku kulalamika. Waje walalamike mchana, mbele ya wachaguaji.

Kura itapigwa Jumamosi saa tatu asubuhi chini ya mwembe. Wachaguaji watasema kwanza, wanachama wengine baadaye. Shimo limekwisha kuchimbwa nyuma ya ghala, na magunia manne ya msimu huu yamefungiwa stoo, ufunguo anao Mwenyekiti. Aliyekwisha kupeleka nyumbani debe lake alirudishe, atapewa debe la karanga nzuri badala yake.