Kula Njiani: Karatina hadi Naro Moru

Msikilizaji, Jumamosi ukiwapeleka watoto Naro Moru, usikimbilie chipsi. Anzia soko la Karatina, ununue njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Ziloweke usiku kucha, la sivyo utamaliza makaa. Mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, ule kwenye hoteli ya hapo hapo Karatina, ukiwa moto. Mtamu zaidi, kwangu mimi, ni ule wa thabai, mmea unaowasha mkono ukiuchuma, ila ukichemshwa hutulia.

Ukifika Naro Moru, kwenye mito baridi ya Mlima Kenya kuna trauti, samaki wa kigeni aliyeletwa Kenya mwaka 1905. Kumvua kunahitaji leseni. Ukimnunua mbichi, mbebe kwenye barafu, kisha mpike hadi nyama iachane na mfupa.