Somo la Redio: Kafi na Umri

Ninyi mlio darasani, tulieni. Mwalimu na aandike ubaoni maneno matatu: KAFI, KANO, HAMU. Tutayakuta katika mazungumzo ya leo.

Mimi ni mvuvi wa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Nina umri wa miaka 61. Nilishika kafi nikiwa na miaka 10. Leo nasema na wenzangu ambao bega linauma na moyo umechoka.

Bega langu la kulia lilianza kuuma jioni tu. Nikasema, "Litapona lenyewe." Baadaye likawa linaniamsha usiku. Sikumwambia mtu, maana niliona haya. Niliogopa vijana watasema mzee amekwisha.

Alfajiri moja nilitoka na mjukuu wangu wa miaka 12 kutazama nyavu. Kwetu, wakati huo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Tulipotaka kurudi, ilitubidi kuukabili. Bega likakataa, mkono haukuinuka. Mtumbwi ukaanza kuchukuliwa kwenda mbali. Mtoto akatwaa kafi, akapiga kwa nguvu zake zote, lakini hakuweza. Vijana waliokuwa wakirudi na dagaa wakatuona, wakatufunga kamba, wakatuvuta mpaka pwani. Hawakunicheka. Lakini nilijua moyoni kwamba haya yangu ilikuwa karibu kumzamisha mtoto.

Siku ile ile nilikwenda kituo cha afya. Nilielezwa hivi: misuli hushikamana na mifupa kwa kano. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo hupona polepole, pengine kwa miezi. Tena, mtu akipita miaka 30 hivi, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo. Hiyo si laana. Ni umri.

Sasa sikilizeni mambo matano niliyojifunza.

Kwanza, tofautisha uchovu na maumivu. Uchovu huondoka ukilala. Maumivu yanayokuamsha usiku, mkono usioinuka, au ganzi vidoleni, yapeleke kwa mganga wa kituo.

Pili, piga kafi kwa kiwiliwili chote, siyo kwa mikono tu. Geuza kifua na mgongo pamoja. Mkono wa juu usipande kupita bega. Badili upande kabla hujachoka.

Tatu, usikae tu kitandani. Acha kwa muda kazi inayokuumiza, lakini tembea, na usogeze mkono taratibu. Bega lisilotumika kabisa hukakamaa.

Nne, kula samaki na maharagwe, usiuze samaki wote. Mwili haujengwi kwa mbao.

Tano, usiende ziwani peke yako, na vaa jaketi la kuokolea.

Ndugu zangu, bega lilipopata nafuu niliona jambo jingine. Hamu ilikuwa imekwisha. Nilikaa pwani nikishona nyavu, nikitazama vijana wanavyokwenda mbio. Nilikuwa najipima kwa kijana niliyekuwa zamani. Mizani hiyo ni mbaya, maana kijana yule hayupo tena.

Yuko mwanamke wa Ujerumani, jina lake Birgit Fischer. Alishinda medali ya dhahabu ya kupiga kafi katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa na miaka 18. Mwaka 2004, huko Athens, alishinda tena dhahabu akiwa na miaka 42. Mara hii ya pili walikuwa wanawake wanne katika chombo kimoja. Mimi si bingwa kama yeye, lakini nilishika neno hilo: wanne katika chombo kimoja.

Basi nikaacha kwenda peke yangu. Asubuhi tatu kwa juma natoka na mwanangu na mjukuu wangu mpaka mwamba ulio karibu, kisha tunarudi. Namfundisha mtoto kuusoma upepo. Nikirudi, naandika katika daftari: tumekwenda wapi, upepo ulikuwaje, bega linasemaje. Baada ya miezi miwili nilisoma daftari lile nikashangaa. Bega liliuma zaidi siku za kuvuta nyavu, siyo siku za kupiga kafi. Sasa nyavu anavuta mwanangu. Kama nisingejua kusoma na kuandika, nisingaliliona jambo hilo.

Hamu yangu imerudi, ila si ile ya zamani. Zamani nilitaka kufika wa kwanza. Sasa nataka turudi sote.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mzee alificha maumivu yake?
2. Kwa nini kano hupona polepole?
3. Daftari lilimwonyesha nini?
4. Je, wewe unaficha maumivu gani? Utamwambia nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.