Kabla ya Kumwandikia Mfadhili

Wazee wetu wa kaya, akina mama, vijana, na ndugu wote mliotoka parokiani na katika vijiji vya jirani,

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya maombi ya fedha za kuhifadhi kaya. Huenda mnatazamia tuwafundishe kujaza fomu. Fomu tutaifikia, nayo si kazi kubwa; mwalimu yeyote wa shule ya msingi aweza kuijaza. Lililo gumu ni kujua, kabla ya kushika kalamu, ni nani anayeomba na kwa idhini ya nani. Hilo ni jambo la haki, na ndiyo maana Tume yetu imelishughulikia.

Misitu ya kaya za Wamijikenda imetawanyika katika kilomita 200 hivi za pwani ya Kenya. Serikali ilianza kutangaza baadhi yake kuwa turathi za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikaorodheshwa miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka, ukatolewa na msaada wa zaidi ya dola 120,000. Basi asituambie mtu kwamba mambo ya wazee hayana mfadhili.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unataka wenye mila washirikishwe, na anayeomba msaada huulizwa kama wenyeji walishiriki kuandaa maombi yenyewe. Hapa ndipo penye kasoro mara nyingi. Kijana mwenye kompyuta huandika mjini, kisha karatasi ya sahihi huletwa kwa wazee matangani. Sahihi ya namna hiyo si idhini. Andiko na lisomwe lote, kwa Kidigo au Kigiriama, kifungu kwa kifungu, wanawake wakiwapo. Maana wao ndio waokotao kuni kando ya msitu, na ndio watakaozuiwa kwanza mradi ukianza.

Tena, yako yasiyopaswa kuandikwa. Wafadhili hupenda ramani na picha, lakini mkataba huohuo unaagiza desturi zinazolinda mambo ya siri ziheshimiwe. Mahali lilipozikwa fingo hapana haja ya kuonyeshwa. Yatosha kuandika kwamba sehemu hiyo hufikiwa na wazee pekee. Kumbukeni vigango (hatusemi vigango vya parokia, bali nguzo za kuwakumbuka marehemu) vilivyoibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyochukuliwa katika boma moja miaka ya 1980 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na kilichosaidia kuvitambua ni picha iliyopigwa kabla havijaibwa. Kwa hiyo kumbukumbu ziwepo, ila zitunzwe na wenyewe, wala zisisambazwe pamoja na maombi.

Kuhusu bajeti, tumesoma makisio ambamo posho za semina na mafuta ya gari vimemeza karibu kila kitu, na mlinzi wa msitu hakutajwa. Anzeni na mlinzi. Siku zenu za kazi na miche mtakayootesha vihesabiwe kwa shilingi, kwani huo ni mchango wenu na si bure. Hesabu zisomwe barazani kila baada ya miezi mitatu.

Kisha jiulizeni ni nani atakayemlipa mlinzi huyo fedha za mfadhili zikiisha. Kaya Kinondo, kule Kwale, hupokea wageni wanaolipa kiingilio, hufungwa kaniki, na kuongozwa na wenyeji. Njia hiyo haizifai kaya zote. Ziko zisizotaka wageni kabisa, na hilo ni jibu halali mbele ya mfadhili yeyote, mradi mwonyeshe njia nyingine.

Alasiri tutagawanyika kwa vijiji. Kila kikundi kiandike ukurasa mmoja tu: mipaka ya msitu, walioutunza mpaka leo, na yale ambayo wazee hawataki yaandikwe. Fomu zitagawiwa baada ya kurasa hizo kusomwa mbele yetu sote.