Ufunguo Ukae kwa Nani?



Kuanzia kiwanda cha saruji cha Wazo hadi mashamba ya miwa ya Bagamoyo na mashine za kusaga za vijijini, watu wetu hufungua mitambo ili kuitengeneza. Wapo wanaorudi bila vidole, na wapo wanaorudishwa katika jeneza. Nasi husema upesi: "Uzembe wa fundi." Neno hilo, kwa maoni yangu, hufunga maswali mapema mno.

Utaratibu wenyewe si elimu ngumu. Mtambo huzimwa kwenye swichi kuu, fundi akaitia kufuli yake, ufunguo ukakaa mfukoni mwake, kibao cha onyo kikatundikwa. Kisha hujaribu kuuwasha, apate hakika kwamba kweli hauwaki. Wakiwa mafundi watatu, kufuli ni tatu.

Mbona basi haufuatwi? Kwetu umeme hukatika, na fundi huona hiyo ndiyo nafasi ya kuingiza mkono penye mkanda. Umeme nao haurudi kwa kupiga hodi! Tena wengi hudhani kubonyeza kitufe kumetosha, ilhali mwenzao aweza kuwasha jenereta upande wa pili. Wala nguvu si umeme peke yake: mvuke uliobaki bombani na mzigo ulioinuliwa juu navyo huua. Mwezi Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Morogoro, na watu 11 wakapoteza maisha.

Lakini sababu iliyo nzito kupita zote ni haraka. Msimamizi amepangiwa idadi ya magunia. Saa moja ya mtambo kusimama huandikwa daftarini kuwa hasara. Na kibarua wa siku, asiyefundishwa lolote, atathubutuje kusema "ngojeni kwanza"? Kesho hataitwa. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Mahali kama hapo mtu amewekwa kwa ajili ya gunia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Naziomba jumuiya ndogo ndogo ziwaulize wanajumuiya walioajiriwa viwandani: mtambo ukifunguliwa, ufunguo wa swichi hukaa kwa nani? Na wenye mashine za kusaga, ambao wengine wamo humu humu kanisani, waulizwe vilevile.