Kesho Ina Mtenda

 

Fungua kitabu chochote cha mazoezi ya Kiingereza, kile anachokwenda nacho mwanao shuleni au kile kinachouzwa kando ya barabara pamoja na magazeti ya zamani. Ukifika kwenye somo la wakati ujao, mara nyingi utakuta habari za teknolojia. Humo mna roboti zinazopika, magari yasiyo na dereva na watu wanaohamia mwezini. Mwanafunzi anaambiwa ajaze nafasi iliyoachwa wazi: "In the future, robots … our houses". Naye anajaza "will clean", yaani zitasafisha. Mwalimu anaweka alama ya vema, ukurasa unafunuliwa, safari inaendelea.

Sina ugomvi na mazoezi hayo. Bila mazoezi lugha haishiki. Lakini leo nataka tuketi kidogo na sentensi hiyo, kwani ndani yake mna jambo ambalo kalamu nyekundu ya mwalimu hailifikii. Mtoto anajifunza sarufi, ndiyo, lakini anajifunza pia kuitaja kesho kana kwamba ni mvua: inakuja yenyewe, na kazi yake yeye ni kutafuta mwavuli tu.

Tuanze na hilo neno "will". Wataalamu wengi wa sarufi ya Kiingereza wanasema kwamba lugha hiyo haina umbo la kitenzi la wakati ujao. Kitenzi chao kinabadilika kwa wakati uliopo na wakati uliopita, kama "walk" na "walked", basi. Kwa ajili ya kesho hakuna umbo. Ndipo Mwingereza akaazima kitenzi kingine, "will", ambacho hapo zamani maana yake ilikuwa kutaka. Ushahidi upo hadi leo. Neno hilo likiwa jina, ni nia. Na likiandikwa kwa wakili, ni wosia, yaani yale ambayo mtu anataka yatendeke akishaondoka. Waingereza wanasema "where there's a will, there's a way". Sisi twasema penye nia pana njia.

Usimcheke Mwingereza kwa kuazima. Hiyo "ta" yetu ya "nitakwenda" imetoka wapi? Wanaisimu wanatueleza kuwa ni kipande cha "taka". Na kile kipande cha pili hakikupotea, kimejificha tu. Sema "mgeni atakayekuja". Sema "kitabu nitakachosoma". Umesikia? "Taka" imejitokeza nzima, haina hata mkwaruzo. Basi lugha mbili zisizo na undugu, moja ya kisiwa cha Ulaya na nyingine ya mwambao wetu, zilipotaka kuitaja kesho zote ziliazima neno la kutaka.

Na anayetaka ni mtu, msikilizaji. Roboti haitaki chochote. Roboti haijapata kuamka asubuhi ikatamani kufagia sebule ya mtu. Kuna aliyetaka kuiunda, kuna aliyetaka kuiuza, na kuna aliyetaka kuinunua.

Sasa tuingie kwenye mazoezi yenyewe. Kiingereza kina njia kadhaa za kuisema kesho, na kila njia ina uzito wake. "Will" ni neno la mtu anayetoa maoni yake au anayeahidi. "Going to" ni neno la mtu aliyekwisha kuona dalili au aliyekwisha kupanga. Ukiona wingu zito limetanda, husemi "it will rain", wasema "it is going to rain", kwa sababu mvua imekwisha kushika njia. Halafu kuna "may" na "might", maneno ya labda, ya mtu mwenye kuweka akiba ya maneno. Mwanafunzi mzuri hajui tu kuyapanga maneno haya, anajua pia kumpima kwayo anayesema naye.

Chukua mfano wa Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Mwaka 1965 aliandika kwamba katika muda wa miaka 20 mashine zitaweza kufanya kazi yoyote ambayo mtu anaweza kuifanya. Hesabu mwenyewe: 1965 jumlisha 20, ni 1985. Mwaka huo ulikuja ukapita, na mashine haikuweza hata kufunga kamba za viatu vya mtoto. Simon hakuwa mjinga, alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa karne yake. Kilichomponza ni "will" mahali pa "may". Leo tunasikia tena ahadi za namna hiyo kuhusu akili bandia, na wengi wanaozitoa ni wenye bidhaa ya kuuza. Ukisikia "will", uliza: huyu ameona wingu, au anauza miavuli?

Jambo la pili ni kauli ya kutendwa. Vitabu vya teknolojia vinaipenda kauli hii kupita kiasi. "Our houses will be cleaned." Nyumba zetu zitasafishwa. "Many jobs will be lost." Ajira nyingi zitapotea. Mswahili akisikia "zitasafishwa", ulimi wake unauliza papo hapo: na nani? Kiingereza nacho kina swali hilo, "by whom?", lakini sarufi inaruhusu lisijibiwe. Tena hiyo ajira "iliyopotea" inasikika kama funguo zilizodondoka mfukoni, hakuna wa kulaumiwa. Mwambie mwanao aiandike upya kwa kauli ya kutenda: "The owner will buy a machine and dismiss the workers." Mwenye kiwanda atanunua mashine na kuwafukuza wafanyakazi. Sentensi sasa ina mwenyewe, na mtu mwenye jina anaweza kuulizwa maswali.

Nani amesahau usiku wa tarehe 31 Desemba 1999? Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa kubana nafasi, na ikahofiwa kwamba 00 ingesomeka kama 1900. Vichwa vya habari vilipiga kelele kwamba kompyuta zitagoma. Usiku ukapita, zikaonekana hitilafu ndogo ndogo hapa na pale, ndege hazikuanguka. Wako waliosema, "Mnaona? Ulikuwa uzushi mtupu." La hasha. Sentensi sahihi ilikuwa ya masharti: "If we do not correct the programs, the computers will fail." Tusipozirekebisha programu, kompyuta zitashindwa. Na wapo waliozirekebisha, mstari kwa mstari, kwa miaka kadhaa kabla ya usiku ule. Janga halikuwapo kwa sababu watenda walikuwapo. Ile "tusipo" yetu ni silabi chache tu, lakini ndiyo inayotenganisha utabiri na wajibu.

Tatu, tazama majina ya watenda katika Kiingereza. Wao huongeza "er": "teach" inazaa "teacher", "drive" inazaa "driver". Kiswahili kina ngeli ya kumtofautisha mtu na kitu, ndiyo maana mpishi na jiko hawawezi kuchanganywa. Kiingereza hakina ngeli hiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kijana anataka kumsifu mama yake, anasema "my mother is a good cooker", na kumbe amemwita mama yake jiko zuri. Mpishi ni "cook", bila "er".

Lakini sikiliza ajabu hii. "Compute" ni kukokotoa. Basi "computer", kabla ya kuwa mashine, alikuwa mtu. Ilikuwa ni kazi ya kuajiriwa, kama karani au mpiga chapa. Katika shirika la anga la Marekani, NASA, walikuwapo akina mama walioajiriwa kwa kazi hiyo, na mmoja wao ni Katherine Johnson, Mmarekani mweusi. Mwaka 1962, John Glenn alipokuwa akijiandaa kuizunguka dunia, alitaka mama huyo azikague kwa mkono hesabu zilizotolewa na mashine. Alizikagua, na Glenn akaruka. Mama Johnson alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 101. Mashine ilichukua kazi, ikachukua na jina la kazi, lakini siku ya hatari aliyeaminiwa alikuwa mwanadamu aliyejua hesabu.

Sasa, msikilizaji, pengine wasema: haya ni ya darasani, mimi nimemaliza shule zamani. Basi toa simu yako mfukoni. Ile siku ulipotaka mkopo mdogo wa haraka, au ulipoweka programu mpya, yalitokea maandishi marefu ya Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Vigezo na masharti kuzingatiwa. Ulibonyeza, kama wanavyobonyeza wengi. Katika maandishi ya namna hiyo hukosi kukutana na sentensi kama hii: "We may share your information with third parties." Kitabu cha mazoezi kilikufundisha kwamba "may" ni labda. Hapa si labda. Hapa "may" ni ruhusa, na aliyeitoa ni wewe: tunaruhusiwa kuwapa watu wengine habari zako. Mbele yake utakuta "the borrower shall repay". Hiyo "shall" iliyokwisha kufifia katika mazungumzo bado ina meno kwenye mikataba, maana yake ni lazima. Na ukikuta "information will be collected", taarifa zitakusanywa, uliza lile swali letu: na nani?

Na tukiwa hapo kwenye "information", tupitie kosa moja la mjini. Hakuna "informations", wala "softwares", wala "equipments". Kwa Mwingereza maneno haya ni kama maji au mchanga kwetu, hayahesabiki. Sisi tunasema tone la maji, yeye anasema "a piece of information". Ukiandika barua ya kuomba kazi ukaweka hiyo "s", anayesoma anaweza kuiona kabla hajaziona sifa zako.

Yupo atakayeniambia kwamba siku hizi mashine inaandika Kiingereza yenyewe. Ni kweli. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, mtu anaweza kuagiza barua nzima ikaja imenyooka. Lakini mashine ikikuwekea "will" pale ulipokusudia "may", imekuahidisha jambo usiloliahidi, na sahihi ya chini ni yako. Kuagiza sentensi si sawa na kuielewa. Akina Glenn walikuwa na mashine, bado walimwita mama.

Tena tusidhani kwamba katika sarufi ya teknolojia sisi ni watendwa siku zote. Mwaka 2005 kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu nchini Kenya njia ya watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa katika jaribio hilo wakaigeuza: wakalipana wenyewe kwa wenyewe, wakawatumia jamaa zao fedha. Tayari watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kama fedha. Wenye mtambo wakatazama, wakaelewa, na M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007 ilikuwa ni huduma ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ilifika Tanzania. Sijapata kuona kitabu cha mazoezi kilichotabiri kwamba mama muuza nyanya atamtumia mwanawe ada kwa simu ya mkononi. Hakungoja kutabiriwa. Alitaka, akatenda.

Basi nawaachia kazi ya nyumbani, wazazi kwa walimu. Mtoto akileta zoezi la "In the future", mjazieni nafasi, apate alama zake. Kisha mwambieni aandike sentensi tatu zaidi. Ya kwanza ianze na "I am going to", nayo iwe juu ya jambo alilolipanga kweli juma hili. Ya pili ianze na "If we do not", itaje kitu kitakachoharibika mtaani kwake kama hakuna atakayekishughulikia. Ya tatu iwe ya kauli ya kutendwa, na mwisho wake aweke "by" na jina la mhusika. Hazizidi dakika kumi. Akizoea hizo, siku moja atawekewa mkataba mezani, au atasimama mgombea jukwaani na kutangaza kwamba mambo makubwa yatafanywa, naye atainua mkono aulize kwa lugha yoyote atakayopenda: na nani, kwa fedha ya nani, na lini?