Neno juu ya mahindi: palizi mbele, urea nyuma

(Lilisemwa mbele ya wanachama, mkutano wa kutayarisha sezoni B)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya mahindi, sababu kuko mvutano kati yetu. Wengine wanataka pesa yote ya kasa inunue urea. Wengine wanasema mbolea ya saki inaharibu udongo, tusiiguse. Mimi nasema hivi: urea ni nzuri, lakini shamba lenye majani halistahili hata kizibo kimoja.

Munajua namna tulivyokuta mashamba yetu. Shamba likilala miaka miwili, mitatu bila mwenyewe, lile jani la harufu kali, wataalamu wanaliita Chromolaena, linafunika yote. Na pale moto unapopita mara kwa mara inaingia Imperata, ile nyasi yenye mizizi ya ncha kama sindano. Tunakata, tunachoma, tunapanda. Wiki mbili tu, majani yamekwisha kurudi. Sasa ukimwaga urea pale, nani atakula wa kwanza? Mizizi ya ile nyasi iliingia udongoni mbele ya mbegu yako. Umeilisha kwa pesa ya kasa.

Mahindi yanaumia zaidi kati ya wiki ya pili na ya sita tangu kuota. Yakibanwa wakati ule, hata ukipalia vizuri kisha, hayatarudisha nguvu yote. Kwa hiyo palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu, ya pili iwe wiki ya tano au sita. Kisha pale, mahindi yenyewe yanatupa kivuli na majani yanakosa jua.

Imperata musiikate juu tu. Chimbua mzizi, utoe nje ya shamba, sababu kipande kidogo kikibaki kinaota tena.

Tuje kwa urea. Saki ya kilo 50 iko na azote kilo 23, ndiyo inayoleta ile rangi ya kijani nzito. Lakini Kisangani mvua inapita milimita 1,600 kwa mwaka, na udongo wetu haushiki chakula sana. Ukimwaga yote siku ya kupanda, mvua inaishusha chini kuliko mizizi. Ukiiacha juu ya udongo, sehemu inageuka hewa na kupotea. Kwa hiyo: palia kwanza, siku ileile au kesho yake toboa shimo la vidole vine hivi, mbali kidogo na shina isije ikaunguza, tia urea, funika.

Hesabu ya shamba la metre 50 kwa 50: ukipanda sentimita 80 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, uko na mashimo 6,250. Grama 4 kwa shimo ni kilo 25, yaani nusu saki. Kizibo cha chupa ya bia kinakaribia kipimo kile, lakini pimeni vizibo 50 kwenye mizani ya soko: vinapaswa kuwa grama 200. Nusu saki ile inatosha kwa shamba safi. Kwa shamba chafu, hata saki mbili ni bule.

Wanaosema urea inaharibu udongo hawakosi kabisa. Inaongeza uchachu, na udongo wetu ni mchachu tayari. Majivu ya jikoni yanasaidia, ila musiyachanganye na urea, itakimbia hewani. Asiye na pesa ya urea apande mucuna kati ya mistari mahindi yakifika wiki ya sita. Inafunika majani mabaya na kuacha azote kwa sezoni ya kesho. Lakini mbegu yake si maharagi, musipike.

Dawa ya kuua majani inayouzwa ndani ya chupa bila karatasi, mimi siishauri. Ile ya glyphosate ikigusa hindi, inaua na hindi.

Basi, pendekezo langu kwa kasa: tununue nusu ya urea iliyoombwa. Pesa inayobaki ilipe chakula ya kikundi cha palizi, kwa namna ya likilemba: leo kwako, kesho kwa jirani. Tuanze na wajane na wazee, maana wao ndio wanaopata urea kisha wanashindwa na jembe. Na urea isitoke depo mpaka wawili wa komite wamekanyaga shamba na kuona limepaliwa. Wanaokubali waandike majina leo, pamoja na siku waliyopanda.